Mkeka Hangurumi

Katika ofisi ile ya watu wanane waliotengeneza michezo ya kompyuta, ghorofa ya kwanza juu ya duka la matairi, kulikuwa na mchoraji ambaye kila mtu alimwita Bi Udongo. Wenzake walichora wanyama wa mchezo moja kwa moja kwenye kompyuta. Yeye alimfinyanga kwanza kila mmoja kwa mikono, akamweka sakafuni, kisha akalala kifudifudi amtazame kwa kimo cha mawindo yake. Wageni walimruka wakidhani amezimia.

Mchezo wenyewe ulihusu mzamiaji aliyekwama chini ya bahari, akitafuta hewa na chakula huku akikwepa kuliwa. Kwa miezi saba Bi Udongo alimtengenezea adui mmoja tu: Mkeka, samaki bapa, mpana kama kitanda, anayejifunika mchanga na kungoja. Kuvizia, Bi Udongo mwenyewe alikujua tangu utotoni. Alikuwa kitinda mimba, wa mwisho kati ya saba, na kwao aliyetaka mnofu kabla ya kaka zake ilibidi ajue kukaa nyuma ya mlango wa jikoni bila kupumua.

Jumatatu asubuhi bosi akasimama mbele ya meza yake.

"Bi Udongo, Mkeka wako amenishinda. Anaua watu bila taarifa! Mtie macho mekundu, na angurume kabla ya kuruka. La sivyo, Ijumaa namfuta."

"Mwizi gani anayebisha hodi, bosi?"

"Sitanii, dada."

"Hata mimi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Akinguruma, huyo si Mkeka tena, ni king'ora. Ukimfuta, nifute na mimi."

Fundi wa sauti, ambaye alikwisha kurekodi miungurumo minne kwa siri, akainamia chai yake.

"Na taarifa ipo," Bi Udongo akaongeza, akimvutia bosi kiti. "Huitazami tu. Kaa ucheze."

Bosi akacheza. Akaliwa. Akacheza tena, akaliwa tena, safari hii akiwa na mtungi mzima wa hewa.

"Umeona? Huu ni uonevu!"

"Hukutazama. Rudia."

Mara ya tatu akaenda polepole, akinung'unika. Kundi la samaki wadogo wa manjano likampita. Lilipofika kwenye mchanga mtupu likagawanyika, nusu kushoto, nusu kulia, likaungana tena mbele, kama watu wanaokwepa dimbwi la maji barabarani. Bosi akaachia kipanya.

"Mbona wanazunguka?"

Akaokota jiwe mchezoni, akalirusha pale patupu. Mchanga ukafumuka, ukawa mdomo.

"Mama yangu!" Bosi akaruka, naye alikuwa anajua yumo! Kikombe cha fundi wa sauti kikapinduka. Kisha bosi akacheka peke yake, akamzungusha mzamiaji wake kwa njia ileile ya samaki, salama salimini.

"Haya, abaki," akasema, akijifuta jasho. "Lakini kwenye tangazo la mchezo angurume kidogo, nakuomba."

"Kwenye tangazo aimbe hata kwaya. Mchangani, kimya."

"Sasa miungurumo yangu minne?" fundi wa sauti akauliza, akipangusa meza.

"Mpe bosi, mdogo wangu. Ndiye aliyeitaka."

Bi Udongo akakata bonge jipya la udongo, akatandika gazeti sakafuni, akalala kifudifudi.