Kigelegele cha Mama Kotabeki

Mimi nilipenda benchi, na sitaona haya kulisema. Wazazi wengine huku Katy, Marekani, walinuna watoto wao walipokalishwa, na wengine walimfuata kocha mpaka kwenye gari lake kumlalamikia. Mimi, la. Mwanangu akiwa ameketi pale Ijumaa jioni, helmeti magotini, jezi safi isiyo na hata doa la nyasi, nilikula bisi zangu kwa amani. Alikuwa kotabeki wa akiba. Kwa wasioujua mpira huu wa Kimarekani, kotabeki ndiye anayepewa mpira aurushe, na kabla hajaurusha, majitu ya upande wa pili yanamkimbilia yamlaze chini. Kotabeki wa akiba ni yule anayengojea wa kwanza aumie. Kazi yake ni hiyo tu, kungoja.

Nyumbani tulikuwa tumekubaliana hivyo. Mimi ni nesi, na wodi yangu ni ya watu walioumia kichwa. Kuna kijana mmoja mle aliyekuwa akicheza mpira huohuo, mrefu, mwenye heshima zake. Kila asubuhi nikimpangusa uso ananiuliza, "Mechi imeanza?" Namwambia bado. Anasema asante. Nikirudi na dawa ananiuliza tena, kwa sauti ileile, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Kwa hiyo mwanangu alipokuja kutuambia amechaguliwa kwenye timu ya shule, nilikataa. Nilipiga meza, nikalia. Baba yake akasema, "Mama, huwezi kumfungia mtoto ndani." Na mwenyewe akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kukisema ni mpaka njaa imbane. Akasema, mama, mimi ni namba mbili, na namba mbili hachezi. Maneno hayo nikayashika kwa mikono miwili.

Lakini Wakenya ni Wakenya. Nani angeniacha na benchi yangu?

Kanisani kwetu habari zilienea kwamba mtoto wetu ni kotabeki. Ile "wa akiba" sijui ilidondokea wapi njiani. Nikaanza kuitwa Mama Kotabeki. Akina mama wakawa wanakuja uwanjani na mablanketi na chai ndani ya themosi, na kaka yangu, ambaye anapakia mizigo uwanja wa ndege na kukaa Euless, mji tuliokaa sisi zamani, akawa kila akipata ruhusa anaendesha gari saa nne nzima kuja kumwona mpwa wake akikaa. "Anakaa vizuri," nilimtania. Hakucheka. Ilimuuma.

Ndipo Jumapili moja mchungaji akamwita mwanangu mbele. Akamwekea mikono kichwani, akasema huyu kijana ana kipawa na adui amemfungia mlango, na leo ule mlango utafunguka. Kanisa zima likasimama. "Fungua, Baba! Fungua!" Mwanangu ameinama pale mbele, shingo yake nyembamba inaonekana, na mimi najiuliza: jamani, hawa watu wanajua wanachoomba? Mlango wa namba mbili unafunguka kwa njia moja tu! Mchungaji akamaliza, "Na watu wote waseme..." Ungefanya nini? Nilisema amina pamoja na wenzangu. Mama hawezi kunyamaza mwanawe akiombewa.

Ijumaa iliyofuata namba moja aliangushwa, akavunjika mtulinga.

Tulisikia ukimya kwanza. Huo ni ukimya wa uwanja huu, wote waliozoea wanaujua: mtu yuko chini, hainuki, na hata bendi inaacha kupiga. Mama wa yule namba moja alikuwa amekaa safu tatu mbele yangu, mwanamke mpole ambaye huniuliza kila mara jinsi ya kupika chapati. Alishuka zile ngazi akikimbia, kiatu kimoja kikabaki. Nyuma yangu nikasikia mmoja wetu akinong'ona, "Asante Yesu." Woi! Nilitamani ardhi inimeze. Mwanangu akavaa helmeti, akaingia, akamalizia dakika zilizobaki bila kurusha hata mara moja, akiwakabidhi tu wenzake mpira wakimbie nao. Kaka yangu, aliyekuwa akiifuatilia mechi mtandaoni, akanipigia simu kutoka Euless akipiga kelele za furaha, na mimi nikaenda kujifungia chooni mpaka watu watoke.

Basi wiki hiyo yote ikawa ni mjadala. Anafaa, hafai? Nikiingia dukani, wazungu wawili wamesimama karibu na nyanya wanaulizana kama yule wa akiba ana mkono wa kutosha. Kwenye grupu la WhatsApp la kanisa, video fupifupi za mwanangu akirusha mpira mazoezini zilitumwa na kutumwa tena, na watu ambao maisha yao yote wameshabikia soka tu wakawa mabingwa wa kuchambua bega. Baada ya ibada, kwenye chai, ndiyo usiseme. Kaka yangu, aliyekuja kwa ajili hiyo tu, alisimama na sambusa mkononi: "Huyu kijana mnamwonea! Mkono anao! Mpeni mechi moja tu, mtakuja kuniambia!"

Aliyempinga alikuwa mzee mmoja wa kanisa, dereva wa lori, ambaye ujanani nyumbani aliwahi kuwa kipa wa akiba. "Mimi ndiye ninayejua benchi," alisema, akikoroga chai yake polepole. "Anayekaa benchi amekalishwa kwa sababu. Yule mtoto anashika mpira muda mrefu mno. Anafikiria. Hapo si pa kufikiria. Arudishwe, waweke mwingine."

"Mzee, unamwombea mtoto wetu mabaya!"

"Namwambia ukweli."

Nilikuwa nikimsikiliza yule mzee kama mtu anayesikiliza nyimbo za kwao. Endelea, baba. Sema tena. Nilimjazia sahani: sambusa mbili, kisha maandazi, kisha nikamwendea na chai ya pili bila kuulizwa, mpaka mume wangu akaniangalia kwa mshangao. Watu wote mle walikuwa wakimpenda mwanangu, wakimsifu, na kila sifa ilikuwa inamsukuma uwanjani. Mtu mmoja tu alikuwa akiuponda mchezo wake, na huyo ndiye aliyekuwa upande wangu. Waliponigeukia, "Mama Kotabeki, wewe unaonaje?" nilijibu, "Mungu ndiye anajua." Ningesema nini tena? Mwanangu alikuwa ameegemea ukuta akisikiliza kila neno. Alikuwa ananiangalia.

Hapa lazima nieleze jambo la kigelegele.

Mimi napiga kigelegele. Nilikipiga tukiwa bado Euless, kwenye maegesho ya zile nyumba za kupanga, siku mwanangu alipoendesha baiskeli bila kushikiliwa, majirani wakafungua madirisha. Nilikipiga alipomaliza darasa la nane, mpaka mwalimu mkuu akaacha kusoma majina. Baada ya siku hiyo mwanangu alinikalisha chini kama mzee wa ukoo na kunipa sheria: mama, kipige tu nikishinda kitu. Tukapeana mikono. Na sijawahi kuivunja sheria ile.

Ijumaa ikafika. Kaka yangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa kizibao chake cha kung'aa, tukampoteza kidogo kati ya walinzi wa maegesho waliovaa vivyo hivyo. Akina mama wakajipanga na mablanketi. Mzee kipa naye akaja, akakaa pembeni, mikono kifuani. Mwanangu akaingia akiwa namba moja, na uwanja mzima ukaanza kumpima. Mbele yangu baba mmoja alimwambia mwenzake kwamba kijana ana akili. Mwenzake akasema akili hairushi mpira. Nyuma yangu kaka yangu anasema kwa Kiswahili, mpeni muda, mpeni muda.

Wakamwangusha. Aliinuka. Wakamwangusha tena, na safari hii aliinuka taratibu akashika helmeti yake upande mmoja, na mimi nikawa sioni mpira tena. Nilikuwa namwangalia anavyotembea. Anakwenda wima? Anajua benchi yake iko upande gani? Hiyo ndiyo kazi yangu, kuangalia watu wanavyotembea baada ya kupigwa, na pale juu nilikuwa na blanketi magotini na sina ninaloweza kufanya. Hakuna mlango wa kugonga. Hakuna daktari wa kumwita. Kuna uzio, na upande wa pili wa uzio ni mwanangu.

Kisha akarusha mpira ukaenda moja kwa moja mikononi mwa adui. "Ona sasa!" akasema mzee kipa. Baadaye kidogo akarusha mwingine, na huo pia wakaudaka, wakakimbia nao mpaka mwisho. Watu wakaanza kuzomea. Watoto wa watu, mnawazomea! Mwanangu alisimama katikati ya uwanja mikono imening'inia. Na kocha akamwita, akampa mwingine ishara aingie.

Wamemtoa mwanangu. Amekwisha. Anarudi benchi, mzima, kwa miguu yake.

Kigelegele kilitoka chenyewe, naapa. Sikukiita. Kilitoka kirefu, cha harusi, na uwanja ulikuwa umeshaacha kuzomea, kwa hiyo kilisikika mpaka ule upande wa wageni. Mwanangu alikuwa ameshavua helmeti. Aligeuka. Aliangalia juu mpaka akanipata, na mimi nilikuwa bado nimefungua mdomo, natabasamu, machozi yananitoka kwa furaha. Alinitazama hivyo kwa muda, halafu akakaa.

Unadhani mambo yaliishia hapo? Akina mama walionizunguka walidhani nampa moyo mwanangu. Wakakidakia! Vigelegele vikapigwa safu nzima, kaka yangu akasimama kwenye kiti na kizibao chake akipiga makofi, na wazungu, ambao dakika moja nyuma walikuwa wakizomea, wakatuona, wakasimama nao wakapiga makofi. Wamama wengine walifuta machozi. Kocha aligeuka kuona kuna nini.

Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele ya watu wote. Alisema mtoto ameanguka na mama amepiga kigelegele, hebu mnionyeshe imani kubwa kuliko hiyo. Makofi. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu. Kwenye chai mzee kipa alinijia, rafiki yangu wa pekee, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada, nimebadili mawazo," akasema. "Mimi siku nilipofungwa mabao, mama yangu aliondoka uwanjani. Kijana mwenye mama kama wewe apewe mechi nyingine." Nikataka kumwambia, mzee wangu, tafadhali, rudi kule ulikokuwa. Kaka yangu akamkumbatia, wakacheka, wakapigana mabega.

Mwanangu alikuwa amesimama karibu yetu na sahani yake. Mama mmoja akamwambia, "Una bahati, mama yako alikuwa na furaha na wewe vile!"

"Ndiyo," akajibu, kwa Kiswahili. "Alifurahi sana."

Hakuniangalia.

Jumatatu alirudi kutoka mazoezini akatukuta mezani. Alisema kocha amempa nafasi tena Ijumaa. Yule mwingine alifanya vibaya kuliko yeye, na kocha amesema kijana mwenye watu wa namna ile nyuma yake hawezi kutupwa kwa mechi moja. Baba yake akampongeza. Mimi nikasema, "Mwanangu, kichwa kinauma?" Akasema hakiumi. Nikamwambia anitazame machoni, nikamwangalia mboni zake chini ya taa, zote mbili sawa, na aliniacha nimalize, mvumilivu, mikono mapajani.

Kisha akasema, "Mama, Ijumaa usije."

Nikamwambia sikumaanisha vile. Nikamwambia nilifurahi kwa sababu ametoka mzima, na furaha ya namna hiyo haina uhusiano na mpira. Nikamsimulia kuhusu yule kijana wa wodini, habari ambazo sikuwahi kumwambia. Alisikiliza yote. Mwanangu si mtoto mbaya.

"Najua," akasema. "Lakini nikianguka nitakuwa nasikiliza kama unafurahi."

Nikaahidi.

Ijumaa niliwapeleka kaka yangu na mume wangu mpaka langoni, nikawaambia nina maumivu ya kichwa, nikarudi garini. Kutoka kwenye maegesho huwezi kuona uwanja. Unaziona taa, na unasikia. Nilisikia bendi, nikasikia jina la mwanangu kwenye kipaza sauti, limetamkwa vibaya kama kawaida. Nikasikia watu wakishangilia, sijui ni wa kwetu au wageni. Simu ikaingia ujumbe wa kaka yangu: nilikuambia mkono anao! Nilicheka peke yangu, nikajifuta uso. Nikafungua dirisha nisikie vizuri.

Halafu bendi ikanyamaza.

Nilifungua mlango wa gari. Nikaweka mguu mmoja chini. Nilikuwa nimemwahidi, kwa hiyo nikakaa hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nimeziba mdomo kwa viganja vyote viwili, nikisubiri watu wapige kelele yoyote.