Siku Nilipomkatiza Mama

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mie karani kijana, nimetoka kanisani na kupitia kwa mama, kule Tabata. Nilimkuta uani anachambua mchele. Mdogo wangu wa kike, Stela, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alikuwa kibandani kwake barabarani.

"Kaa hapa, baba," mama akaniambia. "Nataka tuongee kuhusu hii nyumba. Mie nikiumwa, na hata nikiondoka, Stela..."

Nikamkatiza. "Mama, acha kujichuria! Bado una nguvu zako, mambo ya kifo ya nini?"

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Nikaona nimemfariji mzazi. Kumbe niliyekuwa naogopa ni mie.

Haukupita mwaka, kiharusi kikamwangusha. Kilichukua upande wote wa kulia, na sauti pia. Aliishi hivyo miaka sita. Sie wanawe watatu wa kiume tulituma tulichoweza, na mara nyingine hatukutuma kitu, kila mtu na ada za watoto wake. Stela ndiye aliyemgeuza kitandani asipate vidonda, akamlisha uji kwa kijiko, akamfulia. Mchumba wake alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Gharama za dawa na mazoezi ya viungo zilipozidi, Stela aliuza cherehani. Nilisikia, nikanyamaza.

Mama alipofariki, tulikaa kikao cha familia. Wadogo zangu wawili wakataka nyumba iuzwe, kila mtu apate chake. Mjomba, kaka yake marehemu, akanigeukia mbele ya wote.

"Wewe ndiye mkubwa. Dada yangu hakukuachia neno lolote?"

Nilimwona Stela ameinua uso.

"Alianza kusema, mjomba. Nikamkatiza."

Mzee akasema polepole, "Ulimfunga mama yako mdomo kabla ya ugonjwa. Leo huna la kumsemea."

Bado ningeweza kupinga, mwanangu. Sikupinga. Na mie nilikuwa najenga, nilitaka fungu langu. Nyumba ikauzwa, na Stela akapata sawa na sie tusiowahi hata kumwogesha mama. Akapanga chumba Ukonga. Mgongo ulishaharibika kwa kunyanyua mgonjwa, hakuweza tena kukaa kushona.

Ilinichukua miaka kwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, "Shikamoo kaka," akanipikia chai. Nilipomaliza kusema yangu, alijibu tu, "Yamepita." Lakini hakunitazama. Tulimzika mwaka jana, akiwa bado mpangaji. Hilo, mwanangu, sijui nitalitua wapi.

Kwa hiyo mzazi akitaka kuzungumzia uzee wake, vuta kiti umsikilize, hata kama moyo unakuuma. Muulize akiugua muda mrefu atauguzwa na nani, gharama zitatoka wapi, na huyo atakayemuuguza ataishi wapi mzazi akishaondoka. Yaandikwe, mashahidi watie saini, nyie wote mjue karatasi ilipo. Bima ya afya kateni mkiwa wazima. Na anayeuguza msimwachie peke yake, mkaja kukumbuka undugu siku ya kugawana.

Mungu akupe wazazi wa kuzeeka nao na subira ya kuwahudumia. Siku yako ya kulala kitandani ikifika, akuwekee mtu pembeni, na mtu huyo asije akakosa pa kuishi kwa sababu yako.