Dubwana la Risasi Katika Sanduku la Vifaranga

Nyumbani kwetu Kibomet nilijulikana kwa kuanza. Nilianza ushonaji nikauacha, nikaanza kozi ya taipu mjini Kitale nikarudi nyumbani kabla ya mtihani, nikamfumia mama sweta ikabaki bila mikono. Mama aliivaa vivyo hivyo shambani, na kila aliyemwuliza aliambiwa bila kusitasita ni nani aliyeifuma. Kwa hiyo kaka yangu aliposema sitalimaliza dubwana, hakusema jambo jipya. Lakini siku hiyo maneno yalinichoma.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi seremala Kanduyi, pale Bungoma. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mzungu mmoja aliyekuwa amejitolea kufundisha huko alimwachia sanduku la sanamu ndogo za madini ya risasi alipokuwa akirudi kwao. Zilikuwa askari wa urefu wa kidole, pamoja na kitabu cha sheria za kuwapiganisha mezani kwa rula ya kupimia mwendo na dadu ya kuamua nani kashinda. Kaka alitengeneza meza, akawaita rafiki zake wawili, wakagawana majeshi. Mimi nilipewa watu wa baharini kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka. Niliwapenda papo hapo. Mkubwa wao alikuwa dubwana lenye kichwa cha nyoka, mwili wa samaki na mikono mingi kama ya pweza, ukubwa wake kama ngumi yangu.

Sheria ya meza ile ilikuwa kali: kisichopakwa rangi hakipigani. Askari wangu wadogo alinipakia kaka mwenyewe, kwa huruma. Dubwana aliniachia mimi. Nililipaka mkono mmoja, nikaliweka kando, na mwaka ukaisha.

"Dada, hii bado ni chuma tu," aliniambia Krismasi ile, akiwa amelishika mbele ya wenzake. "Si ukubali tu yaishe. Wewe unaanzanga vitu, humalizangi. Pasaka ukikuja bila rangi, hii jeshi yote nampatia mtu mwingine."

Wenzake walicheka. Nililifunga dubwana kwenye leso, nikaondoka bila kunywa chai.

Rangi niliomba kwa fundi aliyekuwa akiandika mabango ya maduka mjini Kitale. Alinipa mabaki ya rangi ya mafuta kwenye mikebe, akaniuliza kama nafungua kioski. Brashi nilitengeneza kwa nywele za mkia wa ndama, nikazifunga kwa uzi kwenye ganda la kalamu. Bahari sikuwa nimeiona, wala pale kwetu hapakuwa na aliyeiona. Nilichokijua ni kamongo, yule samaki mrefu aliyekuwa akiuzwa soko la Bungoma, mgongo wa kijivu wenye madoa, tumbo la manjano iliyofifia. Nikaamua dubwana langu ni la ukoo wa kamongo. Asiyeridhika angepanda basi kwenda Mombasa akaniletee habari.

Nililipaka rangi nzito nzito, kama mlango. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, hewa ya Kitale imelowa, na rangi ikakataa kukauka. Kila nilipoligusa, kidole kilinata. Ndipo nilipofanya ujinga ambao kwetu ulionekana akili. Jikoni kwa mama, juu ya moto wa kuni, tulitundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Kinachotundikwa pale hukauka, hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Nikalifunga dubwana kwa uzi, nikalining'iniza katikati ya mahindi, nikaenda kulala nikijisifu.

Asubuhi nilikuta kitu cheusi. Masizi yalikuwa yamenasa kwenye rangi mbichi, madoa hayaonekani, tumbo halionekani, likawa kama kiazi kilichosahaulika majivuni. Mama alilitazama, akaendelea kukoroga uji. Nakumbuka vizuri nilichokihisi kwanza: nafuu. Nilikuwa nimepata sababu ya kuacha, tena sababu nzuri ambayo mtu yeyote angeielewa. Halafu nikajikasirikia, kwa kuwa nafuu ile niliijua. Ndiyo niliyokuwa nayo siku niliyotoka kwenye kozi ya taipu.

Nikachukua wembe na mafuta ya taa, nikaketi barazani, nikaikwangua rangi yote hadi kwenye risasi. Nilijikata vidole na sikusimama.

Safari hii niliizimua rangi kwa mafuta ya taa, nikapaka utando mwembamba, nikasubiri, nikapaka mwingine. Pa kukaushia palibaki mahali pamoja tu: sanduku la vifaranga wa mama, lililopashwa joto na chungu cha makaa yasiyotoa moshi. Nilimwomba.

"Vifaranga wangu wakikufa na hiyo harufu," mama alisema, "utalalia mayai wewe."

Basi kila utando niliuacha kwanza barazani mpaka harufu ipungue, kisha nikalipeleka dubwana kwa vifaranga, nikilifunika kwa chekeche la unga wasilidonoe. Walilizoea lile chekeche, wakawa wanalala wameliegemea. Kila jioni baada ya kukamua ng'ombe nilipaka sehemu moja. Mdomo nilipaka kwa rangi ya kucha ya jirani. Nilipofika tumboni, upande ule linaolalia, mama alisimama nyuma yangu na ndoo.

"Huko chini nani ataangalia?"

"Mimi," nikamjibu, na nikaendelea.

Jumamosi ya Pasaka nilifika Kanduyi. Kaka na rafiki zake walikuwa wamekwisha panga majeshi, na askari wangu walikuwa upande wa rafiki yake mmoja. Nilifungua leso, nikaliweka dubwana kiganjani mwa kaka.

Aliligeuza kichwa chini miguu juu. Alitafuta katikati ya mikono, ndani ya mdomo, chini ya mkia, akalisogeza dirishani penye mwanga akatafuta tena. Nilijua anatafuta pale nilipoachia. Nikamwacha atafute.

Aliporudi mezani aliwachukua askari wangu kwa rafiki yake, mmoja mmoja, akawapanga mbele yangu, na dubwana akaliweka katikati yao.

"Keti," akasema.

Nikaketi. Machozi yalinitoka mbele ya wanaume watatu, na sikuyafuta mpaka zamu yangu ya kurusha dadu ilipofika.