Kompyuta Iliyokataa Wasichana

Kuna mlio mmoja ambao hadi leo ukinifikia masikioni damu inanichemka. Ni mlio wa kompyuta iliyowashwa ikakataa kuwaka: pi, pi, pi, kisha kimya, na kioo cheusi tii. Nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Kibiti, kwa hiyo nausikia karibu kila wiki, na wateja hushangaa kuniona nimekunja uso kana kwamba wamenitukana. Hawajui kwamba mlio huo unanirudisha darasa la sita, kwenye kisiwa chetu deltani, mto unapoingia baharini, kwenye hasira ambayo sijaimaliza.

Shule yetu ilikuwa na vyumba vinne vya bati, mikoko imeizunguka pande tatu na mashamba ya mpunga upande wa nne. Mwaka ule tulifungiwa sola, na baada ya sola ikaja kompyuta moja, imeletwa kwa boti huku imeviringishwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Karibu kijiji kizima tulishuka kuipokea. Iliwekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Mwalimu Sefu, ambaye ndiye pekee aliyewahi kusomea mambo hayo, wiki mbili, huko mjini.

Mwalimu Sefu akatupangia zamu. Wasichana asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, kwa sababu mchana tulitakiwa kwenda kisimani kuwatekea walimu maji. Wavulana mchana, baada ya masomo. Hakuna aliyeuliza kitu. Nani angeuliza?

Siku ya kwanza ya zamu yetu alianza Siwema, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, ambaye kwa hesabu alinishinda mimi na wavulana wote. Nakumbuka alivyokifuta kidole chake kwenye sketi kabla ya kugusa kitufe cha kuwashia. Pi, pi, pi. Mwalimu akamsogeza pembeni, akabonyeza mwenyewe, ikalia vilevile. Mchana wavulana wakaingia, ikawaka mara moja. Vicheko vyao tulivisikia mpaka kisimani, ndoo zikiwa kichwani.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Mwalimu Sefu alimshika Siwema mkono, akaugeuza kiganja juu mbele ya darasa zima, akauangalia kama mtu anayekagua samaki aliyelala.

"Mkono wako huu mbaya," akasema. "Una nini wewe mtoto?"

Darasa likacheka. Tangu siku ile jina lake likawa Mkono Mbaya, na kabla wiki haijaisha wasichana wote tulikuwa na mikono mibaya, na zamu yetu ikafutwa.

Mimi mdomo wangu haukuwa na breki. Nikasimama nikasema, "Mwalimu, asubuhi hata wewe imekukatalia." Sikupewa hata nafasi ya kuketi. Nilichapwa viboko vinne, na juu yake nikapewa adhabu ya kufagia ofisi asubuhi na mchana, mpaka shule ifungwe.

Hakujua alichonipa. Nilifagia ofisi ile huku macho yangu yako mezani. Kila asubuhi Mwalimu aliijaribu kimyakimya, akidhani mtoto mwenye ufagio haoni, nayo ikamlilia. Haikuwa shida ya umeme, maana taa ya dari iliwaka vizuri tu. Ila chumba asubuhi kilikuwa baridi, kimejaa unyevu wa chumvi unaopanda kutoka kwenye mkondo wa maji. Kuta ukizigusa zinateleza, daftari zimelegea kama zimelala nje. Mchana bati likishapata moto, kila kitu kinakauka, na kompyuta inawaka. Nilianza kuandika nyuma ya daftari langu la sayansi: baridi, imekataa, joto, imewaka. Kisha siku moja mvua ikanyesha tangu alfajiri hadi mchana. Wavulana wakaingia kwa zamu yao, na kompyuta ikawakatalia hata wao. Nikasubiri nione nani atageuzwa kiganja.

"Leo imechoka," akasema Mwalimu Sefu, akaifunika kitambaa chake.

Imechoka! Siku ile nilifagia mpaka ufagio ukanikatikia mkononi.

Shule ilipofungwa nilipelekwa Kibiti kwa Shangazi Mwajuma, aliyekuwa akichapa barua za watu kwenye duka la steshenari. Nilimsimulia yote hata kabla sijanywa maji. Alinisikiliza huku anachapa, kisha vidole vikasimama.

"Inalia mara ngapi?"

"Mara tatu, Shangazi."

"Halafu kimya, kioo cheusi?"

"Ndiyo."

"Hiyo memori, mwanangu. Mikono ya watoto wa watu imeingiaje hapo?"

Alikuwa na kompyuta mbovu chini ya meza, akaniwekea mbele. Kwanza chomoa waya wa umeme kabisa. Fungua kasha, gusa chuma chake ili umeme wa mwilini ukutoke. Ndani kuna kadi nyembamba, ndiyo memori yenyewe, ina meno ya rangi ya dhahabu. Hayo meno yakishika ukungu na chumvi hayagusani vizuri, na unyevu ukizidi hayagusani kabisa. Yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, irudishe mpaka vishikizo viseme ka. Akanirudisha mwanzo mara kumi, na kila nilipoharakisha alinipiga kofi dogo la begani.

Niliporudi nilimweleza mama. Mama yangu, Bi Somoe, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alijua mtoto wake anaposema kweli. Siku ya kufungua shule tulikwenda wote, matope ya shamba la mpunga yakiwa bado miguuni mwake.

"Mwalimu, shikamoo ya mtoto umeipata. Sasa nisikie mimi. Huyu anasema kitu chenu kinasumbuliwa na unyevu. Mwache akifungue."

"Bi Somoe, ile ni mali ya serikali. Ikiharibika nani atajibu?"

"Imeshaharibika, Mwalimu. Na mpaka leo wanaojibu ni watoto wa kike. Ikizidi kuharibika nitajibu mimi."

Akaketi kizingitini, na kumwondoa mama yangu mahali alipoketi hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Kina mama wengine walioleta watoto wakaanza kusogea. Mwalimu Sefu akawasha. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Pi, pi, pi. Nikachomoa waya, nikafungua, nikasugua, nikarudisha. Ka. Nikabonyeza. Feni ikavuma, kioo kikajaa mwanga.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Sefu akasema, "Haya, nendeni mstarini." Mstarini akatangaza kwamba kompyuta imepona na zamu ya wasichana imerudi. Imeponywa na nani, hakusema. Msamaha hakumwomba mtu. Nilisimama pale nimeuma meno, nikingoja jina langu, na halikuja.

Kesho yake asubuhi Siwema hakutokea. Nilimfuata darasani. "Twende, ilikuwa memori tu!" Akatikisa kichwa. "Nenda wewe, Hawa. Mimi nikigusa itazima tena." Nikamwambia ni mjinga, nikaenda zangu.

Mwaka huu Siwema amekuja dukani kwangu na binti yake, aliyechaguliwa kidato cha kwanza, kuchapisha fomu. Nilimsogezea kiti, nikamwambia abonyeze pale tu, fomu itoke. Alicheka, akaurudisha mkono, akauficha ndani ya kanga. "Bonyeza wewe. Mimi na mashine hatupatani." Binti yake akabonyeza.

Miaka yote ile niliamini kwamba aliyedhulumiwa mstarini ni mimi, kwa sababu jina langu halikutajwa. Sasa najua jina lililostahili kutajwa asubuhi ile lilikuwa la Siwema. Ilibidi mtu asimame mbele ya wale wale waliocheka, aseme mkono wa mtoto yule haukuwa na neno. Mwalimu Sefu hakusema, na kwa hilo bado nina hasira naye. Lakini mimi nilijua, na nilikuwa na mdomo. Nilichomwambia ni kwamba yeye ni mjinga.