Mume Wangu Aliwasha Jiko Badala ya Kufungua Shati

Admin, ficha jina langu, maana mume wangu yuko hapa hapa kwa hii page na anapenda sana kushauri watu mambo ya mapenzi. Nina miaka ishirini na saba, naishi Gatina, Kawangware. Nilizaliwa na sickle cell, ugonjwa wa damu ambao ukikushika mifupa inauma hadi unapiga mayowe. Ulinishika nikiwa na mimba ya miezi sita na kidogo, nikajifungua kabla ya wakati. Msichana, mdogo hadi soksi ya mtoto mchanga ilimfika kwenye paja.

Tulikaa hospitali mpaka akaongeza uzito wa kuruhusiwa nyumbani. Nesi alitufundisha sote wawili: mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, afungwe na leso, mchana na usiku. Hilo ndilo joto lake. Mama akizidiwa, baba ashike zamu. Mume wangu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Siku ya kutoka akapiga picha, akaweka status: "Princess wa daddy."

Wiki haikuisha, maumivu yakanipanda mikononi na kifuani. Hata leso ilikuwa inaniumiza. Nikamwambia, "Baba Toto, mbebe kidogo."

"Mimi? Nikae kifua wazi nimefungwa leso? Wasee wenzangu wa steji ya bodaboda wakinipata hivi nitawaambia nini?"

Mama yake naye kwa simu: "Kijana yangu hakuoa ndio afanywe yaya. Kama wewe ni mgonjwa, si ungesema mapema?" Nilisema! Nilimwambia mwanawe kabla hajakanyaga kwetu kuniposa, akaapa kwamba hajali.

Basi bwana mkubwa akaleta suluhisho lake. Akaingiza jiko la makaa ndani, akafunga dirisha, akafunga mlango, akaenda kazi. Chumba kimoja, na mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa! Nilijiburuta hadi mlangoni nikaufungua, nikaita jirani alitoe hilo jiko. Hewa ya makaa ingetuua sote wawili.

Nikampigia kaka yangu, fundi wa viti kule Kibera, upande wa Ayany. Alifika na vumbi la mbao mwilini, akaoga, akavua shati. "Nipe huyu mtu mdogo," akasema. Miguu ya mtoto ilipopata joto nililia.

Mume wangu akarudi, akawakuta hivyo. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. "Mwanaume mwingine anabeba mtoi wangu kwa nyumba yangu? Chagua. Ni mimi ama ni bro yako."

Nikabeba mtoto nikatoka, na sasa niko Kibera kwa kaka. Mimi, kaka na mkewe tunapokezana zamu, na juzi kliniki walisema uzito unapanda. Jana mume wangu akatuma ujumbe: nirudi nyumbani, ila kaka yangu asikanyage tena, na yeye atanunua jiko la gesi. La gesi, jamani!

Bado nampenda, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Maumivu yatarudi, nayajua. Nirudi Gatina ninusuru ndoa, ama nikae hapa mtoto akomae kwanza? Nipeni mawazo yenu bila kunionea huruma. Na nyinyi wanaume mnaosoma hii, hasa wewe unayejijua, niambieni: kufungua vifungo vya shati ni kazi ngumu kiasi gani?