Kipigo Kilichonichagulia Msimamizi

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwa Profesa nilimkuta akimpiga mtu kwa tasnifu. Alilinyanyua lile bunda la karatasi kwa mikono miwili, akalitupa usoni mwa mwanafunzi wake wa uzamivu, mwanaume mtu mzima mwenye mvi za pembeni, ambaye naye alikuwa mhadhiri huko alikotoka. Kona ya jalada ilimchana chini ya jicho. Yule baba wa watu akapiga magoti, akaokota karatasi moja moja, na tone la damu likadondokea kwenye ukurasa wa marejeo.

"Asante, Profesa," akasema, akatoka.

"Karibu binti, kaa," Profesa akaniambia.

Nikakaa. Ningekuwa na akili ningeondoka saa ileile, lakini nilikuwa na hamu. Nilikuwa nimepata nafasi mbili za kusoma shahada ya uzamivu, na ya kwanza ilikuwa kwake. Jina lake lilifungua milango yote. Waliomaliza chini yake walikuwa wakuu wa idara, wengine walikuwa serikalini. Nafasi ya pili ilikuwa kwenye chuo kimoja cha bara, chini ya mama mmoja aliyekuwa Dokta tu, ambaye hakuwahi kumfikisha mwanafunzi hata mmoja kwenye mahafali. Nilijiambia kwamba ukali wa Profesa ndio ubora wake. Jioni nilipomsimulia mama habari za ile tasnifu iliyorushwa, nilisimulia huku nacheka.

Mada niliyopeleka kwa wote wawili ilikuwa moja: watu wanaopigwa na umati kwa kushukiwa wizi. Sikuitoa vitabuni. Nimekulia Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na duka letu la vitambaa liko Kariakoo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tangu nikiwa mdogo nimewaona watu wakipigwa chini ya roshani yetu, na mama akifunga dirisha kwa sababu ya kelele, kama anavyolifunga mvua ikinyesha.

Profesa alitaka kwanza anipime. Akanipa miezi mitatu ya kukusanya mahojiano Kariakoo, nikifanya vizuri ndipo anisajili. Kila asubuhi nilitoka na rekoda na fomu za ridhaa, nikakaa na wauza duka, wabeba mizigo na mama lishe. Walinieleza bila haya. Mmoja alinionyesha kovu kwenye kifundo cha mguu wake, akasema hilo alilipata kwa kumpiga teke mtu aliyekuwa ameshaanguka, akakosea akagonga ukingo wa mtaro. Alisikitikia mguu wake.

Wiki ya tano, saa nne asubuhi, nilikuwa nimetoka kumhoji mama lishe mmoja mtaa uleule wa duka letu. Rekoda ilikuwa bado inawaka mkononi. Nikasikia "Mwizi! Mwizi huyo!" kutoka upande wa juu wa mtaa, kisha nikamwona mwanaume mwembamba, shati la bluu, akikimbia katikati ya mikokoteni. Mtu mmoja akamtegea mguu. Akaanguka kifudifudi kwenye lami, na kabla hajainuka walikuwa juu yake.

Nimeandika sana kuhusu umati, lakini siku ile nilichoona si umati. Niliona watu ninaowafahamu. Muuza viatu wa jirani alivua mkanda akaanza kuchapa kwa upande wenye kifungo cha chuma. Mtu aliyekuwa anakunywa chai aliweka kikombe chake kwa uangalifu juu ya ndoo, akaenda, akapiga mateke matatu, akarudi kumalizia chai. Mwanamke mmoja alitupa tofali, likampata mkononi, na nilisikia mfupa ukivunjika. Yule mtu alikuwa akisema "Mizigo yangu, mizigo yangu jamani," na kila aliposema walimpiga mdomoni.

Kisha kaka yangu akatoka dukani na kile chuma kirefu tunachoshushia geti. Huyu ndiye kaka aliyenifundisha kuandika, aliyenilipia ada baada ya baba kufariki. Aliwasukuma watu kwa bega, akanyanyua kile chuma, akampiga yule mtu kichwani, upande wa sikio. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Uso wake haukuwa na hasira yoyote. Alikuwa na ule uso wa mtu anayepanga marobota stoo.

Sikumshika. Nilisimama na rekoda mkononi. Nikampigia Profesa simu, maana sikujua nimpigie nani mwingine.

"Profesa, kuna mtu wanamuua hapa."

"Umerekodi?"

"Ndiyo, lakini—"

"Usizime. Usiingilie. Sogea karibu upate wanachosema."

Nikasogea. Aibu yangu ni hiyo, nilisogea. Nilikuwa karibu kiasi cha kurukiwa na damu kwenye kiatu. Polisi wawili walipofika, watu walitawanyika, na yule mtu akabaki amelala huku mguu mmoja unatikisika wenyewe. Wakampakia nyuma ya gari lao. Dakika kumi baadaye akatokea msukuma mkokoteni, anahema, anauliza nani amemwona mteja wake, mfanyabiashara kutoka Kusini aliyevaa shati la bluu. Alikuwa amemtangulia na mizigo, na mteja alikuwa anamkimbilia asimpoteze.

Muuza viatu alikuwa anavaa mkanda wake.

Nikaingia dukani. Mama alikuwa anakunja vitenge na kaka ananawa mikono kwenye beseni.

"Kaka, yule hakuwa mwizi."

"Basi yameshatokea."

"Nenda polisi mwenyewe, kabla hawajaja. Nitaenda na wewe."

Akanigeukia akanizaba kofi. Mkono wake ulikuwa bado umelowa. Niligonga rafu kwa kichwa na jora zima la kitambaa likaniangukia. Wateja wawili waliokuwa kaunta wakatazama pembeni.

"Unataka kunipeleka polisi mimi?" akasema. "Mimi nilitokaje humu ndani? Nilisikia sauti yako! Uliita mwizi, nikajua wamekuibia wewe. Ndiyo nikatoka!"

"Sikuita."

"Uliita," mama akasema, bila kuacha kukunja. "Hata mimi nilikusikia."

Nilipanda ngazi hadi nyumbani, nikajifungia chooni, nikasikiliza. Mama lishe anaaga. Kelele za mtaa. Sauti ya mbali: mwizi, mwizi huyo. Halafu, karibu kabisa, wazi kuliko sauti zote, sauti yangu: "Mwizi! Mkamateni!" Ilikuwa na uchangamfu fulani, kama ya mtu anayeshangilia mpira. Sikuwa naikumbuka hata kidogo. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Kesho yake nilimpelekea Profesa. Nilitaka, nadhani, anifokee. Nilitaka anirushie kitu. Alisikiliza yote akiwa amefumba macho, na ilipofika sauti yangu akafumbua.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Hapa tutakata," akasema. "Sekunde tatu tu, hakuna atakayejua. Binti, hii ni dhahabu. Miaka yote hakuna mtafiti aliyepata kitu kama hiki tangu mwanzo hadi mwisho. Na huyo anayepiga chuma, unamfahamu? Unaweza kumhoji?"

"Ni kaka yangu."

Akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu. "Basi umeshapata uzamivu," akasema.

Nilinyoosha mkono nichukue rekoda mezani. Akaniwahi, akanikamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Hii ni mali ya mradi."

"Niachie, Profesa."

"Unajua unaongea na nani? Bila mimi utakufa unauza vitambaa!"

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Saa yake ya chuma ikanichana ngozi. Kwa mkono wa pili alipiga meza, glasi ya maji ikaruka ikapasuka ukutani nyuma yangu. Sijui nilipata wapi ule ujasiri. Nilishika kalamu nikamchoma nayo mgongoni mwa kiganja. Akapiga yowe, akaachia. Nilichukua rekoda nikatoka mbio, na katibu muhtasi wake pale nje hakuinua hata macho. Alikuwa amezoea.

Nikiwa kwenye ngazi za jengo lile, mkono unavuja damu, ndipo nilipompigia Dokta wa chuo cha bara. Tulikuwa tumeongea mara mbili tu, mambo ya fomu. Nilimwambia kila kitu bila mpangilio: yule mtu, chuma, kaka, sauti yangu, kalamu.

"Huyo mtu yuko hai?" akauliza.

Siku nzima ilikuwa imepita na sikuwa nimeuliza.

"Mtafute kwanza," akasema. "Nakuja mjini keshokutwa kwenye kikao. Tutaongea ukishampata."

Nilimpata hospitali, wodi ya majeruhi, kichwa kimefungwa bandeji, mkono kwenye plasta. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. Nilikaa upande wa kulia nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Alinitazama muda mrefu kwa lile jicho lililokuwa linafunguka.

"Kwa nini uliita?" akauliza.

"Sijui, ndugu. Nilisikia wenzangu wanaita."

Akageuzia uso ukutani. Hakuniambia tena neno hata moja, siku ile wala siku nyingine nilizokwenda na uji.

Dokta alikuja kunikuta hapohapo hospitali, kwenye benchi la nje. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, mkoba wa nguo begani. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, akakaa, akaomba rekoda. Alisikiliza akiwa amekunja uso, na alipofika kwenye sauti yangu hakushtuka wala hakunifariji.

"Kipande hiki utakifanyaje?" akauliza.

"Profesa alisema tukikate."

"Nakuuliza wewe."

"Sijui, Dokta."

"Mimi sitamsimamia mtu atakayekikata. Utaandika kwamba uliita. Yule mgonjwa akikataa sauti yake isitumike, haitatumika, hata kama ndiyo data nzuri kuliko zote. Na kabla ya kuandika chochote utakwenda polisi useme ulichoona. Huwezi, chagua mada nyingine. Kuna watu wanaandika vizuri sana kuhusu bei za mahindi."

Nililia pale kwenye benchi. Hakunishika bega. Alisubiri nimalize.

Niliandikisha maelezo polisi mchana wa siku ile, ya niliyofanya mimi na aliyofanya kaka. Walikuja kumchukua dukani mbele ya watu. Alitaka kukimbia, wakamlaza chini, askari mmoja akamkanyaga shingo, na mtaa mzima ukasimama kutazama kama unavyotazama siku zote. Mama alinifuata barabarani akanipiga kwa ubapa wa mkono, kichwani, mgongoni, popote alipofikia, huku analia, "Umemuuza ndugu yako! Kwa mtu usiyemjua!" Nilijikunyata nikaacha anipige hadi alipochoka.

Kaka alikaa mahabusu siku tisa, kisha akadhaminiwa. Yule mtu wa Kusini alipotoka hospitali alichukua mizigo yake, ambayo msukuma mkokoteni alikuwa amemtunzia yote bila kupungua kitu, akarudi kwao. Alikataa kuja mahakamani, na kupitia kwa Dokta alikataa sauti yake isitumike. Kesi ikafa. Nikafuta ile rekodi mbele ya Dokta, kama ilivyotakiwa.

Nilisoma miaka mitano huko bara. Dokta si mtu laini. Sura yangu ya kwanza aliirudisha mara nne, na kila mara aliandika pembeni neno lilelile: "Unajificha." Nilimchukia kwa vipindi virefu. Lakini karatasi zangu alinikabidhi mkononi.

Mama siku hizi hupokea simu yangu. Tunaongea habari za afya, za mvua iliyojaza maji bonde la Jangwani, za mpangaji mpya wa ghorofa ya pili. Kaka hajawahi kuongea na mimi. Nikija mjini huwa anahakikisha hayupo nyumbani, na mama huniambia ameenda kufuata mzigo. Nakaa na mama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, tunakunywa chai, na kelele zikianza kule chini mimi nashuka. Mara mbili nimefika kwa wakati, nikajilaza juu ya mtu, nikavunjwa ubavu mmoja. Mara nyingine nilichelewa.