Tendo la Tano la Hawe

Harufu ya mshumaa uliotoka kuzimwa hunirudisha Shika Adabu, Likoni, mwezi wa Oktoba, nilipokuwa darasa la nne. Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yetu ya Wakatoliki ilizunguka nyumba hadi nyumba kila jioni kusali. Kwingine walihudhuria wanawake wachache na watoto wanaosinzia. Zamu ikifika kwetu, watu walijaa hadi barazani, wengine wakakalia ndoo zilizofudikizwa. Mama alifurahi akidhani ni imani. Imani gani! Walifuata runinga yetu, ambayo Baba aliinunua kwa fundi mmoja Changamwe, na ambayo wakati wa sala Mama aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kila mtu alijua tamthilia huanza saa ngapi, kwa hiyo Salamu Maria zilikimbizwa utadhani tunafukuzwa na mbwa.

Bibi yangu, mama yake Baba, tulimwita Hawe, kama Wagiriama wamwitavyo bibi. Miguu ilikuwa imekataa kumbeba tangu Pasaka, akawa wa kulala chumba cha ndani, pazia tu likimtenga na sebule. Alikuwa amesali rozari na watu maisha yake yote. Sasa akawa anaisikia kwa mbali kama sala ya watu wengine. Akamwomba Mama jambo moja tu: zamu yetu ikifika, tendo la tano, lile fungu la mwisho la rozari, jumuiya waingie wakalisalie kando ya kitanda chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Siku hiyo aliogeshwa mapema, akapakwa mafuta ya nazi, akajifunga leso mpya iliyonukia sanduku. Alikaa akiegemea mito, rozari mkononi, akingoja.

Tendo la nne lilipokwisha, Mama alisimama kufungua pazia. Hapo ndipo Mama Dorika, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia samaki, aliposema yeye hasali tena mbele ya lile sanduku la runinga. Alikuwa amemsikia mhubiri mmoja akieleza kwamba tamthilia zinawafundisha watoto kubusiana, na kweli, wasichana wa kwaya walikuwa wameanza kuvaa vinguo vya mabega wazi. Katekista, mwalimu wetu wa dini, akamjibu kwamba dhambi iko katika jicho la mtazamaji. Basi moto ukashika. Kutoka kwa runinga walihamia suruali za wanawake, kutoka suruali wakaingia kwenye nywele za bandia, kisha ngoma za kwaya, kama zinamchezea Mungu au zinamchezea shetani. Mama aliwakumbusha kwamba mgonjwa anangoja. Akaambiwa hili ni suala la imani, lazima limalizwe kwanza. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zetu zilikuwa nyuma ya pazia. Nikaingia chumbani.

"Wamemaliza kusali?" Hawe aliniuliza.

"Bado, Hawe. Wanabishana."

"Na nani?"

"Na runinga."

Alicheka kidogo. "Nayo inawajibu?"

Kisha akaninong'oneza kuniuliza kama yule msichana wa kwenye tamthilia atampata mamake siku hiyo. Kila jioni mimi ndiye niliyemfasiria Kiingereza cha tamthilia hiyo, naye aliyapenda yale mambo sana. Alipenda rozari na akapenda tamthilia, na sikumwona hata siku moja akitaabika kuvichanganya. Wale wa sebuleni waliondoka wamenuniana, mshumaa ukazimwa, tendo la tano halikusaliwa. Mama Dorika aliahidi kwamba zamu ikirudi wataanzia chumbani. Ngoja ngoja huumiza matumbo: zamu haikuwa imerudi Hawe alipofariki. Matangani walikuja wote, wa runinga na wasio wa runinga, wakaimba kwa sauti moja hadi wakakauka koo. Nilikuwa mtoto, lakini niliwakasirikia mno. Nyimbo zote hizo walikuwa nazo siku ile.

Na leo? Ubishi umehamia kwenye simu, na haulali. Kundi la WhatsApp la jumuiya yetu hushinda likigombana: mara msanii anayeimba injili kwa mdundo wa dansi, mara kijana wa kwaya aliyetoboa sikio, mara filamu ambayo hakuna kati yao aliyeitazama. Mwezi uliopita, katikati ya vita vya sikio la yule kijana, ukaingia ujumbe mfupi: "Mniombee, siwezi tena kutoka kitandani." Aliyeandika ni Mama Dorika. Hakujibiwa. Ubishi wa sikio uliendelea kana kwamba hakuna aliyesema neno. Nilikasirika, nikawapitia majirani wawili, tukaenda kwake.

Tulimkuta amelala akiielekea runinga kubwa kuliko yetu ya zamani. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha akainua mkono kutuzuia.

"Ngojeni kidogo, wanangu, yuko karibu kufunguliwa gerezani."

Tukangoja hadi matangazo. Nikapunguza sauti, nikawasha mshumaa, nikatangaza tendo la tano. Jirani yangu akanigusa kiwiko, akaninong'oneza kwamba rozari huanza na la kwanza.

"Najua," nilisema. "La kwanza litangoja."

Mama Dorika alinitazama, kisha vidole vyake vikaanza kulitafuta fungu la mwisho kwenye rozari yake.